Sanaa ya kuzama, sanaa isiyozama: Mto Ganga, jahazi la Lamu na ndara zako

Hebu nikuulize kabla hatujafika mbali: kitu cha mwisho ulichokiachilia kiende na maji kilikuwa nini? Usikimbilie kusema hujawahi. Chupa ya soda iliyokuponyoka ukiwa kwenye feri ya Likoni. Ndara iliyokatika ukanda ukaiacha ufuoni. Karatasi ya krispi iliyozolewa na mvua kutoka mtaani kwenu hadi mtaroni, na kutoka mtaroni hadi mtoni. Vyote hivyo vilikwenda mahali. Maji hayana jalala. Yana safari tu.

Swali hilo liweke mfukoni kwanza, maana leo nataka tutazame kazi mbili za sanaa ambazo pengine hukuwahi kuzifikiria pamoja. Ya kwanza hutengenezwa kila mwaka mjini Kolkata, India, kwa ustadi wa kukufanya ukae kimya, halafu siku ya mwisho watu huibeba kwa ngoma na kuizamisha mtoni makusudi. Ya pili iliundwa hapa kwetu Lamu, kwa vitu ambavyo vilikataa kuoza. Zote mbili zinahusu maji, na zote zinauliza jambo lile lile: tunayapa maji nini, na maji hukifanyia nini?

Na kama bado unadhani sanaa ni picha ya kutundika ukutani, kuna aina nyingine inayoitwa instalesheni. Ni kazi ambayo unaizunguka, unaingia ndani yake, wakati mwingine hata unaipanda. Mahali ilipowekwa ni sehemu ya kazi yenyewe. Iondoe hapo uipeleke kwingine, maana inabadilika. Shika hilo, tutalihitaji.

Sanaa inayotengenezwa ili izamishwe

Kila mwaka, kati ya Septemba na Oktoba, Kolkata hugeuka kuwa jumba moja kubwa la maonyesho lisilo na paa. Ni sherehe ya Durga Puja, ya kumtukuza Durga, mungu wa kike wa Kihindu aliyelishinda pepo lenye umbo la nyati. Mitaa hushindana kujenga mahema makubwa ya mianzi na vitambaa yanayoitwa pandal. Mengine hufanana na hekalu, mengine na kijiji, na mengine huzungumzia mambo ya siku hizi kama uhamiaji au uhaba wa maji. Watu hupanga foleni usiku kucha ili waingie waone. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka Durga Puja ya Kolkata kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Ndani ya kila hema kuna sanamu ya Durga. Nyingi hutoka Kumartuli, mtaa wa mafundi wa sanamu. Kazi huanza na kiunzi cha mianzi, kikavishwa nyasi kavu zilizofungwa kwa kamba, kisha ukapakwa udongo wa Mto Hooghly, ambao ni mkono mmoja wa Mto Ganga. Desturi ya zamani hutaka udongo huo uchanganywe na kiganja cha udongo kutoka mlangoni mwa nyumba za makahaba, watu ambao jamii hiyo hiyo huwatenga mwaka mzima. Macho ya sanamu huchorwa mwisho.

Halafu? Siku ya kumi, sanamu hupakiwa kwenye malori, ngoma zinapigwa, watu wanacheza na kulia, na Durga anashushwa mtoni. Udongo unarudi kwenye udongo. Yule fundi aliyekesha akichonga vidole vya sanamu anajua tangu siku ya kwanza kwamba kazi yake itayeyuka. Haoni kama amepata hasara, kwa sababu kuyeyuka ndiko kunakoikamilisha kazi.

Sisi tuliozoea kuhifadhi kila kitu kwenye simu, hadi picha ya chipsi, tungeona huo ni wazimu. Lakini tulia uitafakari akili iliyomo humo. Unachukua udongo mtoni, unauazima kwa muda, unautumia kusema jambo, kisha unaurudisha. Deni limelipwa.

Mto unaoitwa mama

Ili uelewe kwa nini ni mtoni, lazima umjue Ganga mwenyewe. Mto huo una urefu wa takriban kilomita 2,525, kutoka kwenye barafu za milima ya Himalaya hadi Ghuba ya Bengal. Zaidi ya watu milioni 400 huishi katika bonde lake. Kwa Wahindu, Ganga ni mungu wa kike, na humwita mama.

Hapa tuelewane kidogo kuhusu maneno, maana mtaani tunayachanganya: Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, na anaweza kuwa Mwislamu, Mkristo, Singasinga au Mjaini. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, na anaweza kuwa Mkenya aliyezaliwa Pumwani. Sawa? Tuendelee.

Simulizi za Kihindu husema Ganga alikuwa mbinguni. Mfalme mmoja aitwaye Bhagiratha aliomba kwa miaka mingi ashuke duniani, kwa sababu mababu zake 60,000 walikuwa wameteketezwa wakawa majivu, na roho zao hazikuwa na pumziko hadi maji hayo yaguse majivu yao. Ganga akakubali, lakini nguvu za anguko lake zingeipasua dunia. Basi mungu Shiva akampokea kwa nywele zake, akamwachia taratibu. Kwa hiyo, kwa mujibu wa simulizi, mto huo ulikuja duniani kwa kazi maalumu: kupokea majivu ya wafu.

Ndiyo maana hadi leo familia husafiri kutoka mbali kumwaga majivu ya wapendwa wao pale Varanasi au Haridwar. Kila jioni mjini Varanasi makuhani huinua taa kubwa za moto mbele ya mto, na waumini huweka maua na kitaa kidogo kwenye bakuli la majani, wakaliachia lielee. Ukiangalia kwa jicho la sanaa, hiyo ni instalesheni ambayo imekuwa ikirudiwa vizazi na vizazi: moto, maji, jani, na giza la jioni.

Udongo ulipogeuka plasta

Sasa stori inaanza kuuma. Bakuli la majani huoza, maua huoza, na udongo huyeyuka. Desturi hizi zote zilibuniwa katika dunia ambayo kila kitu ulichokitia majini kilijua namna ya kufa.

Kisha dunia ikabadilika, desturi ikabaki vile vile. Mafundi wengi walihamia kwenye plasta, ile tunayofungia mguu uliovunjika, kwa sababu ni nyepesi na ya bei nafuu. Rangi za mimea zikaacha nafasi kwa rangi za viwandani, baadhi zikiwa na madini mazito. Maua yakaanza kufika mtoni ndani ya mifuko ya plastiki. Plasta haiyeyuki kama udongo. Sanamu iliyozamishwa kwa heshima usiku, asubuhi unaikuta imelala ufuoni haina mkono. Mwenye imani akiiona hivyo anaumia kuliko mtu mwingine yeyote.

Mamlaka hazikukaa tu. Mei 2020, Bodi Kuu ya Kudhibiti Uchafuzi ya India ilitoa mwongozo mpya wa kuzamisha sanamu, ukikataza plasta, plastiki na rangi zenye sumu. Mumbai, ambako sherehe ya mungu Ganesh hujaza barabara, imejenga matangi ya muda ya kuzamishia sanamu ili bahari ipumzike. Kolkata, winchi za halmashauri husubiri kandokando ya mto kuvuta mabaki kabla hayajasombwa. Machi 2017 mahakama ya jimbo la Uttarakhand ilifika hatua ya kutamka kwamba Ganga na mto dada Yamuna ni watu kisheria, wenye haki kama zako na zangu. Julai mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya India ikausimamisha uamuzi huo. Mto ulikuwa mtu kwa takriban miezi mitatu na ushei.

Na takataka je? Watafiti walioufuata Ganga mwaka 2019 walikadiria kwamba mto huo pamoja na wenzake Brahmaputra na Meghna huenda humwaga baharini kati ya chembe bilioni 1 na bilioni 3 za plastiki kwa siku. Hizo ni chembe ndogo sana.

Jambo zito hapa ni hili: hakuna mto duniani unaopendwa kama Ganga. Unaimbiwa, unasujudiwa, unaitwa mama. Na bado unachafuliwa na watoto wake wenyewe, pamoja na viwanda na mabomba ya majitaka ya miji. Kama mapenzi peke yake yangetosha kuulinda mto, Ganga ungekuwa safi kuliko maji ya chupa. Mapenzi hayatoshi.

Usidhani mambo haya ni ya mbali

Panda basi hadi Jinja, Uganda, pale Mto Nile unapoanza safari yake kutoka Ziwa Victoria. Utakuta sanamu ya Mahatma Gandhi. Baada ya Gandhi kuuawa Januari 1948, majivu yake yaligawanywa, na sehemu yakamwagwa katika mito mbalimbali duniani. Sehemu moja ilikuja kumwagwa Jinja. Sanamu iliyopo ilizinduliwa mwaka 1997 na Waziri Mkuu wa India wa wakati huo, Inder Kumar Gujral. Kwa hiyo mto wa Afrika Mashariki ulishapewa kazi ya Ganga.

Hapa Kenya, Wakenya wenye asili ya Asia walitambuliwa rasmi na serikali mwaka 2017 kuwa jamii ya 44 ya nchi hii. Lakini Pwani haikungoja gazeti la serikali. Pepo za kaskazi zimeleta majahazi kutoka Gujarat na Kutch kwa karne nyingi, na pepo za kusi zimeyarudisha. Ndiyo maana unapanda gari, unakula chapati, unahesabu laki, na bibi yako wa Pwani huenda bado anaviita viatu vyako champali. Maneno hayo yote yaliteremka bandarini.

Na kuoga majini ili kujitakasa? Hilo nalo si la wageni. Kule Makunduchi, Unguja, kila Julai kuna Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa Waswahili, ambayo jina lake linatokana na kuoga. Dini ni tofauti na maana ni tofauti, lakini mtu wa pwani haitaji kufundishwa kwamba maji yanaweza kubeba zaidi ya samaki.

Jahazi lenye rangi za ndara

Sasa twende Lamu. Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Visiwa hivi ndivyo nyumbani kwa mtepe, chombo cha zamani ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za minazi bila msumari hata mmoja. Mtepe ulipochakaa, ulioza wote: mbao, kamba, hata tanga lake la mkeka. Kama Durga wa udongo, ulijua kufa.

Panda kaskazini kidogo hadi Kiwayu, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1990, mhifadhi wa bahari aitwaye Julie Church aliwaona watoto wakitengeneza vitu vya kuchezea kwa ndara zilizoletwa na maji ufuoni. Ndara, kandambili, malapa, patipati, sijui kwenu mnaziitaje. Baadhi zilitoka miji yetu wenyewe, nyingine zilikuja na mikondo kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Akina mama wa huko wakaanza kuziokota, kuziosha na kuzikata kuwa vitu vya kuuza. Mbegu hiyo ilizaa Ocean Sole ya Nairobi, ambayo leo huchonga wanyama wa ndara, wengine wakubwa kama twiga mwenyewe.

Waone hao watoto wa Kiwayu tena. Hawakuwa na semina wala mfadhili. Walikuwa na ufuo uliojaa ndara za watu wasiowajua, wakaamua kucheza.

Miaka karibu 20 baadaye likaja wazo kubwa zaidi. Mwaka 2016 ulianzishwa mradi wa Flipflopi, wa Ben Morison na wenzake, akiwemo Dipesh Pabari ambaye ndiye aliyeuongoza. Walitaka kuunda jahazi lote kwa plastiki iliyotupwa. Lakini wazo ni wazo. Anayejua kuunda chombo ni fundi. Aliyepewa kazi ni Ali Skanda, fundi wa Lamu kutoka ukoo wa mafundi wa vyombo na wachongaji.

Hebu jiweke katika nafasi yake. Umefundishwa mbao tangu utotoni. Unajua mti gani unafaa kwa mkuku na tawi lipi limejipinda lenyewe likafaa kwa taruma. Halafu unaletewa vifuniko vya chupa na madumu yaliyoyeyushwa, unaambiwa: unda. Plastiki haina nyuzi kama mti. Jua likiwaka hulainika, na msumari hauishiki kama mbao inavyoushika. Hakuna babu aliyeacha maelezo. Mafundi walijaribu, wakakosea, wakayeyusha upya, hadi wakapata mkuku, mataruma na mbao za plastiki walizozichonga kwa vifaa vile vile vya siku zote.

Zilitumika takriban tani 10 za plastiki. Nje, ubavu wa chombo ukavikwa ndara zipatazo 30,000 zilizokatwa na kuunganishwa vipande vipande, nyekundu, buluu, manjano, kijani, ukadhani kanga 20 zimeanikwa kwa pamoja. Lilishushwa majini Septemba 2018. Januari 2019 likang'oa nanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, safari ya takriban kilomita 500, likisimama njiani kuzungumza na wanafunzi, wavuvi na viongozi. Mwaka 2021 lilipelekwa Kisumu, likazunguka Ziwa Victoria kupitia Kenya, Uganda na Tanzania. Ndilo ziwa linaloulisha mto ule ule uliopokea majivu ya Gandhi.

Chombo kina nini?

Sasa kumbuka nilichosema kuhusu instalesheni: mahali ni sehemu ya kazi. Jahazi hilo lingewekwa ndani ya jumba la sanaa Ulaya, lingekuwa kitu cha kupigia selfi tu. Likiwa kwenye maji yale yale yaliyoleta ndara zake, linakuwa ushahidi. Ni kama mzigo uliorudishwa kwa mwenyewe.

Kuna msanii wa India, Subodh Gupta, aliyewahi kufanya jambo la karibu sana na hilo. Mwaka 2012, kwenye maonyesho ya kwanza ya Kochi-Muziris Biennale huko Kerala, alionyesha mashua ya kienyeji yenye urefu wa zaidi ya mita 20, akaijaza vitu vilivyotumika: viti, kitanda, nyavu, masufuria, redio kuukuu, masanduku, baiskeli. Maisha mazima ya mtu yamerundikwa kwenye chombo, tayari kuondoka. Jina la kazi hiyo ni swali, ambalo kwa Kiswahili tungesema: chombo kina nini ambacho mto hauna?

Na hapa Kiswahili kinatupa zawadi. Kwetu sisi, sufuria ni chombo. Jahazi ni chombo. Vyombo huoshwa jikoni na vyombo huvuka bahari, neno ni lile lile. Gupta alilazimika kujaza mashua kwa masufuria ili aonyeshe kwamba vitu hivi viwili ni ndugu. Mswahili wa Lamu anajua hivyo tangu alipoanza kusema.

Basi jibu la Lamu kwa swali hilo ni lipi? Jahazi la Flipflopi halina kitu ambacho bahari haina. Ndara zilikuwa baharini, na chupa zilikuwa ufuoni. Kilichoongezwa ni mikono ya fundi tu.

Wahenga walisema wema hauozi. Hawakuwa wameiona plastiki. Leo tuna vitu viwili visivyooza, na ni lazima tuchague ni kipi tunawaachia wajukuu kwa wingi.

Tukiwa wakweli

Najua kuna mmoja wenu anauliza: sasa jahazi moja litaokoa nini? Tani 10 ni tone baharini. Swali hilo ni la haki, na usikubali mtu alizime kwa picha nzuri.

Kwanza, ukweli ni kwamba jahazi halikuundwa kusafisha bahari. Hakuna kazi ya sanaa inayofanya hivyo. Kuchakata nako kuna mipaka: plastiki nyingi hazichakatiki kirahisi, na kila tunapochota ufuoni bomba bado liko wazi huko juu. Ukikuta sinki linafurika, kabla ya kutafuta dekio unafunga mfereji kwanza.

Pili, kuna hatari kwamba sanaa nzuri ya takataka itatufanya tuzizoee takataka. Ukimwona twiga maridadi wa ndara, unaweza kusahau kukasirika. Kazi ya namna hii inafaa kukuacha na vitu viwili kwa wakati mmoja: furaha ya macho na aibu kidogo. Ikikupa furaha peke yake, imekuwa pambo.

Tatu, uhai wenyewe uko hatarini. Lamu ni mji wa punda, na ndio wanaobeba mchanga, mawe, maji na unga. Tangu 1987 kuna kituo maalumu cha kuwatibu. Punda hao hupekua jalalani kutafuta mabaki ya chakula, wakameza na mfuko. Plastiki hujifunga tumboni, na mnyama anaweza kufa kwa maumivu. Huko India, ng'ombe anayeheshimiwa na Wahindu kuliko mnyama yeyote hufa kifo hicho hicho mitaani, tumbo likiwa limejaa mifuko. Mmoja anaabudiwa, mwingine anatumikishwa, na mfuko hautambui tofauti yao.

Sheria tunazo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 28, 2017, kwa adhabu ya faini ya hadi Sh4 milioni au kifungo cha hadi miaka minne. Juni 5, 2020 plastiki za kutumika mara moja zikakatazwa katika mbuga, fuo na maeneo mengine yanayolindwa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe na watengenezaji wabebe wajibu wa bidhaa zao hata baada ya kuziuza. Lakini bahari haisomi mpaka. Machi 2022, mataifa yalikutana hapa hapa Nairobi yakakubaliana kuandika mkataba wa dunia dhidi ya uchafuzi wa plastiki. Agosti 2025 yalikutana Geneva kwa kilichotakiwa kuwa kikao cha mwisho, yakaachana bila makubaliano. Ubishi mkubwa ulikuwa kama tupunguze kuzalisha plastiki au tuendelee tu kuzoa. Yaani tulikuwa tunabishana kuhusu ule mfereji na lile dekio.

Zamu yako

Basi wewe, uliye Umoja, Kisauni au Nyali, unafanya nini na stori hii?

Ukipata nafasi ya kufika Lamu, usiishie kwenye ufuo wa Shela na picha za machweo. Kawaone mafundi wa vyombo. Uliza mkuku ni upi na taruma ni lipi, uliza kwa nini mlingoti umeinama mbele. Vijana wachache mno wanajifunza kazi hiyo, na fundi akifa bila mwanafunzi, ujuzi huyeyuka kama udongo wa Durga, ila huu haurudi mwaka ujao.

Kama wewe ni msanii, au una marafiki wanaojiita hivyo, anzeni na mto wenu. Nairobi ina Mto Nairobi, Mombasa ina vijito vya Tudor na Makupa. Okoteni kilichopo, mkiweke pale pale mlipokiokota, kwa mpangilio utakaomlazimisha mpita njia asimame. Hamhitaji jumba la maonyesho, mnahitaji glavu, kamba na ruhusa ya chifu. Kisha andikeni kandokando kila kitu kimetoka kampuni gani, kwa majina yaliyo kwenye vifuniko.

Na kama sanaa si fani yako, bado una jambo moja la kuazima kutoka kwa mafundi wa Kumartuli. Wao, kabla ya kuanza kazi, wanajua itaishia wapi. Kwao mwisho wa kitu ni sehemu ya kukitengeneza. Wakati ujao ukiwa dukani unanyoosha mkono kuchukua kitu, jiulize swali la fundi: hiki kikimaliza kazi, kinajua kufa? Kama hakijui, basi kuna mtoto wa Kiwayu atakayekiokota, au punda wa Lamu atakayekimeza.

Chombo cha kuzama hakina usukani, walisema wazee. Chombo chetu bado hakijazama, na usukani wake mmoja uko mikononi mwako, kila unaposhika ndara iliyokatika ukitafuta pa kuitupa.